Pati na rangi haziponyi kutu ya chini ya gari

Wengi hapa Unguja wanaamini kwamba kutu iliyotoboa chini ya gari dogo ikisuguliwa, ikazibwa kwa pati (ule uji mzito wa kuzibia bati, unaokauka ukawa mgumu) na kupakwa rangi nyeusi, imekwisha. Haijesha. Kutu hutaka hewa na unyevunyevu, na chumvi ya pwani huiharakisha. Mara nyingi huanzia ndani ya bati lililokunjwa kama boksi, msasa usikofika. Pati hunasa maji humo, na bati linaendelea kuliwa bila ya kuonekana.

Gari kama Toyota Starlet halina chesisi, yaani fremu ya chuma, ya peke yake kama ya lori. Bodi yenyewe, pamoja na vizingiti vya chini ya milango, ndiyo inayobeba uzito na kuwakinga abiria wakati wa ajali. Pati haibebi kitu.

Dunga penye kutu kwa bisibisi: inapoingia pakatwe mpaka kwenye bati zima, kisha kichomelewe kipande kipya cha unene uleule, mshono mzima, si vidoa vidoa. Betri ifunguliwe kwanza, na tangi la petroli liwekwe mbali na moto, nakuombeni sana. Halafu praima, yaani rangi ya mwanzo ya kuzuia kutu, na grisi ndani ya boksi. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Zikishaliwa sehemu zinazoshika sasapensheni (springi na shokamzoba) pande zote mbili, mimi gari hilo ningeliacha.