Kifafa Kinachomshika Mtu Usingizini: Maswali na Majibu

Katika familia nyingi, mtu ambaye kifafa humshika usiku tu huhesabiwa kuwa na nafuu, kwa sababu haanguki sokoni wala shuleni na majirani hawajui lolote. Kwa kuwa haonekani, hapelekwi hospitali. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya anayelala karibu naye, maana kifafa cha usiku kinahitaji tiba sawasawa na cha mchana, na katika jambo moja zito kinahitaji uangalizi zaidi.

Kwa nini kifafa humshika mtu akiwa amelala?

Mtu anapolala, ubongo wake haulali wote. Hupita katika hatua za usingizi zinazojirudia mpaka asubuhi. Katika usingizi usio na ndoto nyingi, makundi makubwa ya seli za ubongo hutoa umeme kwa pamoja, kama wavuvi wanaovuta juya kwa wimbo mmoja, na pale penye kovu au hitilafu umeme huo wa pamoja hurahisisha mtukutiko, yaani kule kushikwa na kifafa, kuanza na kusambaa. Katika usingizi wa ndoto nyingi, seli hizo hazifuatani kwa namna hiyo, na ndiyo maana mitukutiko huwa nadra wakati huo.

Hitilafu yenyewe huwa na vyanzo vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, kiharusi, au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyojikita kwenye ubongo. Katika eneo la Mahenge, mkoani Morogoro, watafiti wamehusisha kifafa cha watoto wengi na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kwa wagonjwa wengine wengi chanzo hakijulikani, na hilo halizuii tiba kufanya kazi.

Ninalala peke yangu. Nitajuaje kwamba nilishikwa usiku?

Mwili huacha dalili. Ulimi uliong'atwa ubavuni, damu au mate mengi kwenye mto, shuka lililolowa mkojo kwa mtu ambaye hana kawaida hiyo, misuli inayouma kama ya aliyelima kutwa nzima, kichwa kizito, kuchanganyikiwa kwa muda baada ya kuamka, au kujikuta sakafuni bila kukumbuka ulivyofika hapo. Dalili moja peke yake huenda ikawa na sababu nyingine, lakini zikikutana mbili au tatu, au zikijirudia, nenda kituo cha afya ukazieleze zote, pamoja na tarehe zake.

Je, huenda ni jinamizi tu, au mtoto anaweweseka?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, kwa kuwa hata madaktari hulipima kwa makini. Anayekabwa na jinamizi huwa macho, anaona chumba, anataka kupiga kelele na mwili haumtii. Baada ya muda mfupi huachiwa na anakumbuka kila kitu. Aliyeshikwa na mtukutiko wa mwili mzima hakumbuki chochote. Mtoto anayeamka akipiga mayowe ya hofu kwa kawaida hufanya hivyo mara moja kwa usiku, katika theluthi ya kwanza ya usingizi, na huweza kuendelea kwa dakika kadhaa. Kipo kifafa kinachotoka sehemu ya mbele ya ubongo ambacho hufanana sana na hali hiyo: mgonjwa hurusha miguu, huketi ghafla, pengine hupiga ukelele, lakini kila tukio huwa fupi, mara nyingi chini ya dakika moja, hurudi kwa namna ileile, na huweza kuja mara kadhaa katika usiku mmoja.

Watoto wa umri wa shule ya msingi wana aina yao pia, ambayo upande mmoja wa uso huchezacheza, mate hutiririka, na mtoto anasikia lakini hawezi kusema. Wazazi huingiwa na hofu kubwa, na hawana kosa; hata hivyo, aina hiyo kwa kawaida huisha yenyewe katika ujana.

Kuhusu majini na kurogwa, nitasema kwa heshima lakini bila kuzunguka: anayetaka kumwombea mgonjwa wake na amwombee, ila dawa za hospitali zisicheleweshwe wala zisisimamishwe kwa ajili hiyo.

Daktari atahitaji nini kutoka kwetu?

Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ni maelezo ya aliyeshuhudia, na siku hizi ni video. Kama wapo watu wawili chumbani, mmoja amhudumie mgonjwa na mwingine arekodi kwa simu, uso na mikono vikionekana. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, hasa kikifanywa mgonjwa akiwa amelala au akiwa amekosa usingizi usiku uliotangulia, lakini hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Muhimbili, na majibu yake yakiwa ya kawaida hayaondoi uwezekano wa kifafa. Tiba inaweza kuanzishwa kwa maelezo mazuri hata pasipo kipimo hicho. Katika vituo vingi vya serikali nchini Tanzania, kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na wapo wanaogeuka mlangoni wakidhani wameitwa wendawazimu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si wazimu, tafadhali ingieni.

Nifanye nini nikiamshwa na mtukutiko wa mwenzangu?

Washa taa na utazame saa. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, inua chandarua kisimzonge, mlegezee nguo shingoni, na usimshikilie kwa nguvu. Mara unapoweza, na hasa mtukutiko unapokoma, mgeuze alale ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke, na uhakikishe pua na mdomo havijazibwa na mto. Usitie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na njia ya hewa huziba. Usimpe maji wala kidonge kabla hajaamka vizuri. Kaa naye mpaka apumue kwa utulivu na aitike jina lake.

Mtukutiko ukipita dakika 5, ukija mwingine kabla hajazinduka, akishindwa kupumua vizuri baada ya kutulia, au akiwa ni mjamzito au ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Mate, povu na mkojo wa mgonjwa haviambukizi kifafa. Imani hiyo imewafanya watu wasimame kando wakitazama mwenzao akiungua motoni, na haina ukweli wowote.

Je, ni kweli kwamba mtu anaweza kufariki usingizini kwa kifafa?

Ni kweli, ingawa si jambo la mara kwa mara, na naona ni haki ya mgonjwa kuambiwa. Kwa watu wazima wenye kifafa, takribani 1 kati ya 1,000 hufariki ghafla kila mwaka kwa namna hii. Kwa watoto ni takribani 1 kati ya 4,500. Mara nyingi hutokea usiku, baada ya mtukutiko wa mwili mzima, kupumua kunapodhoofika na moyo ukafuatia, na wengi wa waliofariki wamekutwa wamelala kifudifudi. Walio katika hatari zaidi ni wanaopata mitukutiko ya mwili mzima mara kwa mara na wanaolala peke yao. Hapo ndipo ile nafuu ya kutoonekana inapogeuka kuwa hatari.

Kinga kubwa ni kuzuia mitukutiko yenyewe kwa dawa. Baada ya hiyo, mgonjwa alale chumba kimoja na mtu anayeweza kuamka, au mlango usifungwe kwa ndani ili anayesikia aweze kuingia. Alale kwenye kitanda kifupi au godoro lililowekwa chini, mbali na koroboi, mshumaa na jiko la mkaa. Chandarua asikiache, bali kichomekwe vizuri chini ya godoro. Mwanafunzi wa bweni apewe kitanda cha chini, na matroni pamoja na rafiki mmoja au wawili wafundishwe namna ya kumgeuza ubavu. Kumficha kwa ajili ya aibu ni kumwacha bila msaada.

Dawa zinatumiwaje, na vipi kuhusu usingizi, pombe na kufunga?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mitukutiko wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini na valproeti ni dawa za miaka mingi na bado zinafaa, mradi zichaguliwe kulingana na aina ya kifafa. Kijana ambaye mikono yake humshtuka asubuhi mpaka kikombe kinamponyoka amwambie daktari, kwa sababu kabamazepini inaweza kuzidisha hali yake. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari mapema, ila asiiache mwenyewe. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Kukosa usingizi huchochea kifafa. Kazi ya zamu za usiku na mikesha ya misiba na harusi hudai gharama yake. Pombe nayo huchochea, hasa inapokuwa inaisha mwilini. Katika Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla: dawa za mara mbili kwa siku pengine zitahamishiwa futari na daku, lakini usingizi unaokatwa kwa ajili ya daku nao lazima ufidiwe.

Miezi mingi imepita bila kushikwa. Je, niache dawa?

Usiache ghafla, kwa sababu mitukutiko inaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na hali hiyo huua. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya angalau miaka 2 bila mtukutiko, naye hupunguza kidogokidogo kwa miezi. Kwa kifafa cha usiku ipo tahadhari ya ziada: mtu anayelala peke yake anaweza kuapa kwamba ametulia ilhali bado anashikwa. Kabla ya kwenda kuomba kupunguziwa dawa, mwombe ndugu au mwenzi alale chumba kimoja nawe kwa wiki kadhaa, kagueni ulimi na shuka kila asubuhi, andikeni mnachoona, na daftari hilo mlipeleke kliniki.