Kokeini haina methadoni yake: maswali kuhusu tiba ya mazungumzo

Mdogo wangu anatumia kokeini. Jirani yetu aliyekuwa kwenye heroini anakunywa methadoni kila asubuhi na amerudi kazini. Kwa nini wetu hapewi?

Methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, inawafaa watumiaji wa heroini na dawa za jamii ya afyuni tu. Kokeini na methamfetamini ni vichangamshi, na mirungi ni ndugu yao mpole zaidi. Vinaujaza ubongo dopamini, kemikali inayotufanya tutamani kurudia jambo, na njia hiyo methadoni haiigusi. Hata FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha kidonge cha kutibu uraibu huu. Kwa hiyo mazungumzo hapa ndiyo tiba yenyewe.

Lakini tumeshaongea naye mpaka tumechoka! Mjomba kaongea, shehe kaongea. Mtaalamu ataongea nini kipya?

Nawaelewa, na uchovu wenu ni wa haki. Ila mara nyingi tunamsema mtu tukidhani tunazungumza naye. Anayesemwa huinamisha kichwa, huapa, kisha hutoka nje akiwa na aibu mpya ya kuikimbia.

Mnasihi huanza kwa kuuliza na kusikiliza: unaipendea nini, imekunyang'anya nini? Sababu ya kuacha ikitoka kinywani mwake mwenyewe, ina nguvu kuliko mia za kwetu. Baadaye huja tiba ya fikra na tabia. Wanaichukua siku moja aliyotumia na kuirudia hatua kwa hatua. Ijumaa kalipwa. Kagombana na bosi. Kapita kijiweni "kusalimia tu". Rafiki fulani kapiga simu. Kumbe safari ilianza masaa manne kabla hajagusa kitu! Kila hatua inatafutiwa mlango wa kutokea: mshahara unapitia kwa dada, njia ya kurudi nyumbani inabadilishwa, namba inafutwa, maneno ya kukataa yanafanyiwa mazoezi kwa sauti. Anajifunza pia kwamba hamu hupanda kama wimbi na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata asipoilisha.

Kazi hiyo huchukua wiki 12 hadi 16, wakati mwingine zaidi. Mpango wa tiba uitwao Matrix, ulioundwa Los Angeles miaka ya 1980, huketisha familia darasani pia, na nadhani hilo ndilo tunalolihitaji zaidi huku kwetu.

Ni kweli kuna nchi wanawapa zawadi wakiacha?

Kweli, na kwa vichangamshi hakuna njia yenye ushahidi mzito kuliko hiyo. Mtafiti Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alitumia bakuli la vikaratasi 500. Mkojo ukipimwa na kukutwa safi, mtu anachota. Nusu ya vikaratasi vina pongezi tu, vingine vingi vina zawadi ndogo, vichache vina zawadi kubwa, na kimoja kina zawadi kubwa kuliko zote. Kadiri anavyoendelea kuwa safi, ndivyo anavyochota mara nyingi zaidi. Wapo wanaoita hongo. Mimi naona ubongo uliozoea malipo ya papo hapo unapewa sababu ya kuvumilia leo, huku mazungumzo yakiijenga kesho.

Ameacha siku tatu. Analala mchana kutwa, akiamka anakula sana na kulia. Tumwache?

Kulala na njaa ni kawaida. Mwacheni apumzike, lakini asiwe peke yake. Huzuni ya siku hizi inaweza kuwa nzito mno. Akitaja kufa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua au kuona vitu visivyokuwepo navyo havisubiri miadi.

Amerudia baada ya miezi miwili. Pesa zetu zimepotea?

Hapana. Miezi ile miwili ameiishi, na ujuzi bado anao. Mwambieni arudi kwa mnasihi wiki hii hii, wakaichambue siku ile kama walivyozichambua nyingine.

Tuanzie wapi?

Kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ulizeni wazi kama kuna mnasihi aliyefunzwa uraibu, maana si kila nyumba ya kulaza waraibu inaye. Siku ya kwanza msindikize, kaa kwenye benchi la nje, na akitoka usimhoji walichoongea.