Mbunge mtetezi wa haki: tunayoamini vijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Aprili ikifika, Bunge la bajeti likianza, Dodoma hujaa. Gesti hupanda bei, na kwenye vijiwe vya kahawa mabishano ni yale yale: mbunge yupi anawatetea watu? Nimeyasikiliza miaka mingi, na inaniuma kuona tunavyokosea kuwapima.

Dhana: Mbunge mwenye uchungu na watu ni yule anayetoa.

Jezi, mabati, rambirambi. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kugawa vitu hakumo. Hata Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo zilizowekwa kwa sheria ya 2009, hupitia halmashauri. Ni kodi yako.

Chamwino nilikaa na mama mmoja mjane. Alifungua pindo la kanga akatoa bahasha ya rambirambi aliyopewa na mheshimiwa siku ya mazishi. Elfu hamsini, bahasha kaitunza mpaka leo. Shamba la zabibu alilolipalilia na mumewe limechukuliwa na shemeji zake, wakisema ndiyo mila. Na mila hiyo imeandikwa: Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linamnyima mjane mwenye watoto fungu katika urithi wa mumewe. Sheria za ardhi za 1999 zinasema mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ardhi, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Mambo haya yanagongana mlangoni kwa mama huyu. Mtetezi wake angesimama bungeni akaibana Serikali kuhusu mgongano huo. Bahasha haiwezi kuumaliza.

Dhana: Haki inatafutwa mahakamani, mbunge haimhusu.

Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Jaji anatamka, lakini kuandika umri mpya ndani ya sheria ni kazi ya Bunge. Na mbunge halazimiki kusubiri Serikali, maana kanuni za Bunge zinamruhusu kuleta muswada binafsi, yaani pendekezo lake mwenyewe la sheria.

Dhana: Wabunge wanawake wa viti maalum hawana jimbo, kwa hiyo hawana uzito.

Kura yao bungeni ni kura kamili, sawa na ya mbunge wa jimbo.

Dhana: Mwenye sauti kubwa ndiye mtetezi.

Sauti ina nafasi yake, na ibara ya 100 ya Katiba inailinda. Ila muswada hubadilika pale unapopitiwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, na mbunge huingia humo na jedwali lake la marekebisho, orodha ya mabadiliko anayoyataka. Neno "anaweza" likiondolewa, likawekwa "atapaswa", ofisa aliyekuwa akimsaidia mlemavu kwa hiari yake sasa amefungwa na sheria. Saa hizo runinga nyingi vijiweni zimeshahamia kwenye mpira. Lakini yote huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo mwananchi anaweza kuzisoma: nani alileta jedwali, na alisema nini.