Kukausha buti ndani ya hema lenye jiko

Ukipiga kambi kwenye theluji, kama kule Kanada au Ufini, unaweza kudhani eti ukifunga hema lote na kusogeza buti karibu na jiko la kuni zitakauka fasta. Hapana jamani. Maji yakitoka kwenye nguo hayapotei, yanakuwa mvuke, na usipoacha upenyo juu mvuke unagonga turubai la baridi, unakuwa matone, yanawadondokea tena usiku. Acha hewa iingie chini itoke juu, hata kama joto kidogo linapotea, pia inapunguza hatari ya kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko haina harufu na inaua watu wamelala. Buti toa soli ya ndani, legeza kamba kabisa, zitundike juu mbali na bomba la moshi la jiko, pale ambapo mkono wako unaweza kukaa bila kuungua, maana ngozi ikizidiwa moto inakakamaa inapasuka na gundi ya soli inaachia.