Mtaji wa kisiasa ni nini, na mbona rais anauchoma kwenye majaji

Kila nafasi ikifunguka kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani, watu hapa Uganda wanauliza swali lile lile. Rais mzima wa nchi kubwa vile, mwenye jeshi lote lile, anahangaikaje na jina la jaji mmoja mpaka anambembeleza seneta wa jimbo ambalo sisi hata hatujui liko upande gani? Sisi tumezoea jina linatoka Ikulu, linaenda bungeni, baada ya siku kadhaa mtu anaapishwa na picha zinasambaa kwenye WhatsApp, basi kile cha Marekani kinaonekana kama udhaifu hivi. Jibu lake liko kwenye kitu wanachokiita mtaji wa kisiasa.

Mtaji wa kisiasa ni uwezo wa rais kuwafanya watu wasiolazimika kumtii wakubali anachotaka. Hapo kwa wasiolazimika ndipo penyewe. Waziri anamtii kwa sababu kesho anaweza kumfuta, askari anamtii kwa sababu ni amri, huo si mtaji. Mtaji unaonekana kwa mbunge au seneta ambaye rais hana uwezo wa kumfuta kazi lakini akipiga hesabu zake anaona afadhali niende naye huyu, labda kwa sababu rais anapendwa kwenye jimbo lake, labda kuna fadhila anadaiwa, labda anaogopa wapiga kura watamkumbuka vibaya. Ni kama wakala wa mobile money, kibanda kipo, rangi imepakwa, simu mbili ziko mezani, lakini floti, yaani pesa ya kuwatolea wateja, imekwisha na kila mteja anaambiwa rudi jioni. Rais naye anaweza kuwa na msafara wote na ving'ora vyote na floti hana.

Sasa kwa nini majaji ndio wanatoa siri hiyo? Katiba ya Marekani, Ibara ya 2, inasema rais anapendekeza jina lakini Seneti yenye watu 100 ndiyo inakubali au inakataa. Jaji wa shirikisho akishaingia anakaa mpaka afe, ajiuzulu, au Bunge lao limwondoe kwa makosa, umri wa kustaafu hakuna. Mahakama ya Juu ina viti 9 tu na hakuna anayejua kiti kitafunguka lini. Jimmy Carter alikaa miaka 4 kamili na hakupata hata nafasi moja, halafu Donald Trump kwa miaka 4 yake ya kwanza akapata 3. Clarence Thomas aliingia 1991 kwa kura 52 kwa 48, na zaidi ya miaka 30 baadaye alikuwa bado kwenye kiti kile kile huku aliyemteua, Bush baba, ameshafariki. Kwa hiyo mtu wa miaka 4 au 8 anapewa nafasi ya kuweka mtu wa miaka 30, na upande wa pili wanajua hivyo, utawalaumu vipi wakipigana?

Kisa ambacho mimi naona kinafundisha kuliko vyote ni cha Ronald Reagan na Robert Bork. Reagan mwaka 1984 alishinda majimbo 49 kati ya 50, yaani alifagia. Mwaka 1986 akampeleka Antonin Scalia, mtu mwenye msimamo mkali kabisa wa kihafidhina, akapita 98 kwa 0. Lakini Novemba ya mwaka huo huo chama chake cha Republican kikapoteza Seneti, na wakati huo huo ikalipuka ile kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na pesa kupelekwa kwa waasi wa Nicaragua. Halafu katikati ya 1987 jaji Lewis Powell akastaafu, na Powell alikuwa yule wa katikati ambaye kura yake ndiyo ilikuwa inaamua kesi nyingi. Reagan akampeleka Bork, profesa na jaji ambaye maandishi yake yalikuwa yanajulikana wazi, mtu wa aina ile ile ya Scalia. Yaani alinunua kwa bei ya 1986 wakati mfuko ulikuwa ni wa 1987. Seneta Edward Kennedy alisimama siku hiyo hiyo kumshambulia, vikao vikaonyeshwa kwenye TV, na Oktoba 1987 Bork akakataliwa kura 58 kwa 42, tena maseneta 6 wa chama cha rais mwenyewe wakiwemo kwenye hao 58.

Akaja wa pili, Douglas Ginsburg, huyo alijitoa mwenyewe baada ya kukiri kwamba alishawahi kuvuta bangi. Wa tatu akawa Anthony Kennedy, mtu mtulivu, asiyetisha mtu, akapita Februari 1988 kwa 97 kwa 0. Ukiziona hizo kura peke yake utasema Reagan alikuwa simba. Kumbe hizo 97 ni alama ya kwamba ameshindwa, maana ameacha jina alilolitaka akapeleka jina ambalo wapinzani wake wanaweza kulimeza. Mwaka 1992 suala la utoaji mimba lilipofika mahakamani, Kennedy akawa mmoja wa watano walioulinda msingi wa ile haki, dhidi ya wanne, kitu ambacho watu wa Reagan hawakukitegemea kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuambia rais fulani ana nguvu kwa sababu jaji wake amepita kwa kura nyingi, mwulize kwanza, alimpeleka nani? Nguvu ya rais inasomeka kwenye jina analothubutu kulipeleka kabla hata ya kura kupigwa. Akimpeleka kijana mwenye msimamo unaojulikana, ujue anajiamini. Akimpeleka mzee wa katikati anayesifiwa na pande zote mbili, ujue ameshahesabu na amekuta pungufu.

Obama mwaka 2016 ni hivyo hivyo. Scalia alifariki tarehe 13 Februari, Warepublican wakiwa na viti 54 kwenye Seneti, Obama akampeleka Merrick Garland, miaka 63, mtu wa katikati ambaye hata baadhi ya Warepublican walikuwa wanamsifu zamani. Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi, hakuhangaika hata kumpiga msasa. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na kura, jina likakaa siku 293 mpaka likafa lenyewe na bunge jipya likaingia. Sababu waliyotoa ni kwamba ni mwaka wa uchaguzi, wacha wananchi waamue. Miaka 4 baadaye jaji Ruth Bader Ginsburg akafariki Septemba 2020, wiki chache tu kabla ya uchaguzi, na Seneti ile ile ikampitisha Amy Coney Barrett, jina la Trump, tarehe 26 Oktoba kwa 52 kwa 48, siku 8 kabla ya kura. Banange! Ile hoja ya wananchi waamue ilienda wapi sijui. Barrett alikuwa na miaka 48, na mwaka 2022 alikuwa mmoja wa wale waliofuta kabisa ile haki ambayo Kennedy aliisaidia kubaki.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja la sivyo utachanganyikiwa, maana Trump hakuwahi kupendwa na wengi kama Reagan wa 1984, tena 2016 alishinda urais huku Hillary Clinton akiwa na kura nyingi za wananchi kuliko yeye, sasa iweje apitishe watatu? Zamani Seneti ilikuwa na kanuni kwamba wachache wanaweza kuendelea kujadili bila kikomo ili kura isipigwe, na kuwanyamazisha unahitaji watu 60. Hiyo wanaiita filibasta. Ilimlazimisha rais atafute watu hata upande wa pili, ndiyo maana majina yalikuwa yanalainishwa. Novemba 2013 Wademokrat, chama cha Obama, chini ya Harry Reid, wamechoka majina ya Obama kukwamishwa, wakaiondoa kwa majaji wa mahakama za chini, wakaacha Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Warepublican, chama cha Trump, wakamalizia palipobaki ili jaji wake Neil Gorsuch apite, akapita 54 kwa 45. Mwaka uliofuata Brett Kavanaugh akapita 50 kwa 48. Tangu hapo rais anahitaji chama chake tu kishikamane, hana haja ya kumbembeleza mpinzani, basi naye anapeleka jina kali analotaka. Biden 2022 akiwa na Seneti iliyogawanyika 50 kwa 50 alimpitisha Ketanji Brown Jackson kwa 53 kwa 47. Mtaji wa siku hizi ni wa ndani ya chama zaidi kuliko wa rais binafsi, na kwa maoni yangu hilo ndilo limeharibu mambo kule kuliko matusi yote ya kwenye TV.

Ila usidhani wingi wa viti unatosha. Bush mtoto 2005 alikuwa na Warepublican 55, akampendekeza wakili wake wa Ikulu, Harriet Miers, na waliomkataa ni watu wake mwenyewe waliosema hawajui msimamo wake. Bush alikuwa ametoka kulaumiwa sana kwa kimbunga Katrina, vita ya Iraq inamlemea, na Miers akajitoa mwezi huo huo wa Oktoba. Franklin Roosevelt naye alishinda majimbo 46 kati ya 48 mwaka 1936, chama chake kikiwa na viti zaidi ya 70 kati ya 96 kwenye Seneti, akaja 1937 anataka kuongeza majaji mpaka 6 kwenye Mahakama ya Juu, na chama chake hicho hicho kikamgomea.

Turudi kwetu sasa. Katiba yetu ya 1995, Ibara ya 142, inasema Jaji Mkuu, naibu wake na majaji wa mahakama za juu wanateuliwa na rais kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama na kwa idhini ya Bunge. Kwenye karatasi tuna vizuizi viwili wakati Marekani wana kimoja. Lakini Kamati ya Uteuzi inayoongozwa na Spika inawapiga msasa watu milango ikiwa imefungwa, na tangu vyama vingi virudi kwenye uchaguzi wa 2006 NRM, chama cha rais, imekuwa na wingi mkubwa bungeni, kwa hiyo vita ya chama na chama juu ya jaji haipo. Ukitafuta Bork wa Uganda bungeni utakesha.

Ukitaka kuona mtaji wa Mzee, yaani Rais Museveni, ukigonga ukuta, nenda 2013. Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifikisha miaka 70, na Ibara ya 144 inasema hapo unaenda nyumbani. Rais akataka arudi kwa mkataba wa miaka 2. Upinzani bungeni haungeweza kufanya kitu, hesabu haziruhusu, lakini mbunge Gerald Karuhanga akaenda Mahakama ya Katiba na mwaka 2014 majaji wengi wakasema haiwezekani. Machi 2015 akaapishwa Bart Katureebe. Yaani nchi ilikaa karibu miaka 2 bila Jaji Mkuu kamili kwa ajili ya jina moja, na viti vyote vile vya NRM havikusaidia kitu.

Jirani zetu Kenya kwao ilikuwa wazi zaidi. Tume yao ilipeleka majina 41 mwaka 2019, Uhuru Kenyatta akagoma kuyateua, Juni 2021 akateua 34, mmoja alikuwa ameshafariki, na kuwaacha 6, wakiwemo Joel Ngugi na George Odunga waliokuwa wametoka kumwangushia mpango wake wa kubadilisha katiba, BBI, wiki tatu hivi kabla. William Ruto akawateua wote sita Septemba 2022, alipoingia tu.

Halafu kuna tofauti moja ambayo watu hawaisemi. Marekani jaji anamwona rais akija na kuondoka, hapa rais ndiye anawaona majaji wakistaafu, maana wa Mahakama Kuu wanaondoka na miaka 65 na wa juu na 70. Tangu 1986 Wako Wambuzi, Odoki, Katureebe na Owiny-Dollo wote wamekuwa Majaji Wakuu chini ya rais mmoja. Rais wa hivyo hana haraka, jina likikwama mwaka huu atapeleka lingine mwaka ujao, wakati yule wa Washington nafasi ikimpita huenda hataiona tena.

Na hata hivyo usiseme kwamba majaji wetu hawana uzito wa kugombaniwa. Kesi ya Besigye, mgombea wa upinzani, kupinga uchaguzi wa 2006 iliamuliwa 4 kwa 3. Kesi ya kuondoa kikomo cha umri wa rais, Aprili 2019, nayo 4 kwa 3. Wote saba waliosikiliza hiyo ya 2019 walifika Mahakama ya Juu kwa uteuzi wa Museveni, watatu kati yao wakaandika kwamba mabadiliko yale ni batili, na kama mmoja tu wa wale wengine wanne angekuwa ni mtu mwingine leo tungekuwa tunaongea habari tofauti kabisa.