Hotpoti ya Mtoto wa Chekechea: Kabla ya Kubishania Soseji, Tazama Kinywaji

Kwenye vikao vya wazazi wa madarasa ya awali, ajenda ya chakula haipiti bila mabishano. Wapo wanaotaka soseji, chipsi na biskuti zizuiwe getini. Wengine wanajibu kwamba hotpoti inayorudi nyumbani imejaa haijamlisha mtoto, kwa hiyo bora apewe anachokipenda. Sisi maofisa lishe tukiitwa kuamua, mara nyingi tunakuta pande zote zimeisahau juisi ya boksi.

Piga hesabu kidogo. Boksi la mililita 250 lenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 lina gramu 25, karibu vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hii, yaani inayoongezwa kwenye chakula na kinywaji au iliyo kwenye juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,300 hivi, asilimia 5 ni kama gramu 16 tu. Maandishi ya "matunda asilimia 100" hayabadilishi kitu, kwani sukari ya juisi nayo inahesabiwa. Ya tunda zima haihesabiwi. Maji yanatosha, na bei yake mnaijua.

Sasa niwageukie wanaojiona wako salama. Vipande vya tango, karoti na tikiti vinapendeza kwa macho, ila mtoto wa miaka mitano akila hivyo tu, saa saba mchana anasinzia darasani kwa njaa. Tumbo lake ni dogo, anakua, anakimbia kutwa. Anahitaji wanga, protini na mafuta kiasi. Si mtu mzima anayepunguza mwili.

Kosa hilohilo lipo kwenye ule uji wa nafaka tano unaosifiwa sana. Mahindi, mtama, ulezi, uwele na mchele ni kundi moja la chakula; kuzirundika pamoja hakumpi mtoto makundi matano. Uji wa nafaka moja uliotiwa maziwa, au karanga zilizosagwa, unamfaa zaidi. (Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia.)

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kukoboa kunaondoa ganda na kiini, na vitamini nyingi zinakwenda na pumba. Lakini mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa dona wala kwa sembe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara.

Mlo mzuri hauhitaji duka kubwa. Wali, maharage, mchicha na kipande cha chungwa vinakamilishana: vitamini C ya chungwa inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha, wakati chai ya rangi inayazuia. Siku nyingine, viazi vitamu na yai la kuchemsha. Na soseji? Ina chumvi nyingi, isiwe ya kila siku. Ya mara mojamoja haistahili kikao, wala haistahili mwalimu kumwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba mama amemfungia chakula kibaya. Mtoto huyo kesho atakula kwa kujificha, au hatakula.

Kuna jambo ambalo vikaoni halitajwi kabisa, nalo ni joto. Wali wa jana uliopashwa nusunusu, ukafungwa alfajiri na kuliwa mchana, unaweza kumharisha mtoto hata kama makundi yote ya chakula yamo. Mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, yaache dakika chache, yamwage, ndipo upakue chakula kikiwa bado kinafuka mvuke na ufunike papo hapo. Cha vuguvugu usikifunge.