Je, wajua? Namba ya "km/L" kwenye dashibodi haitoki kwenye tangi

Kwa miezi minne nilimkwepa mhudumu wa sheli moja nikiamini ananipunja. Ushahidi wangu ulikuwa dashibodi. Nilijaza fulu tangi, nikatembea kilomita 512, na skrini ikaniambia gari linakwenda kilomita 15.4 kwa lita. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuwa nimechoma lita 33 na kidogo. Niliporudi kujaza, pampu ilisoma 35.8. Lita mbili na nusu zimekwenda wapi? Nikajijibu mwenyewe kwamba ni pampu, maana gari litadanganya kwa faida ya nani?

Nilikuwa nadhani ile namba inatoka kwenye tangi. Mle ndani kuna kiboya kinachopanda na kushuka na mafuta, na ndicho kinachosogeza mshale wa geji. Nikaamini kompyuta inakitazama hichohicho, inatoa, inagawanya, basi. Lakini shika kalamu kidogo. Gari la kilomita 15 kwa lita linatumia mililita 67 hivi kwa kilomita moja, yaani kama kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni. Tangi lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 50 likipungukiwa na kikombe hicho, mafuta yanashuka milimita 0.2. Tuta moja la barabarani linakirusha kiboya kuliko kilomita kumi za safari. Egesha kwenye mteremko, geji yenyewe inabadili kauli. Halafu skrini ikupe kilomita kwa lita yenye nukta, tena inayobadilika kila sekunde chache? Kiboya hakina uwezo huo.

Wala magari mengi hayana mita kwenye bomba la mafuta, kama ile ya maji ya nyumbani. Kwa maneno mengine, hakuna kifaa kinachoyapima mafuta yenyewe yanapopita kwenda kwenye injini. Kinachohesabiwa ni muda.

Mfikirie mama anayeuza maji mtaani kwa bomba moja lisilo na mita. Anajua kwa mazoea kwamba ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 80. Siku nzima hatazami ndoo, anahesabu tu bomba limekuwa wazi sekunde ngapi, na jioni anazidisha. Presha ikiwa ileile, hesabu yake inakaa vizuri. Presha ikishuka, ndoo itachukua sekunde 100 na yeye ataandika lita 25. Na bomba likichuruzika usiku kucha, maji hayo hayamo kwenye daftari lake, kwa kuwa kwake yeye bomba limefungwa.

Kompyuta ya injini ndiye mama huyo, na bomba lake ni nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, ambazo wengine huziita injekta. Ndiyo inayoziamuru zifunguke na zifunge, kwa hiyo inajua kila moja imekuwa wazi milisekunde ngapi. Inazidisha muda huo kwa kiasi ambacho kiwanda kilisema nozeli inapitisha, inajumlisha, kisha inagawanya kilomita kwa jumla hiyo.

Na hapa ndipo jambo lenyewe linapochekesha. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, nozeli zake kwa jumla zinapuliza mara 4,000 katika dakika hiyo, kwa kuwa kila silinda hupewa mafuta mara moja katika mizunguko miwili. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila pulizo ni mililita 0.022 hivi, chini ya nusu ya tone la maji. Nozeli haifunguki papo hapo ikipewa umeme, huchelewa takriban milisekunde moja, na ucheleweshaji huo hubadilika na nguvu ya betri. Kompyuta hujaribu kuutoa. Ikikosea kwa milisekunde 0.2 tu katika pulizo la milisekunde 3, tayari ni karibu asilimia 7. Mimi nilikuwa nimekosana na binadamu kwa tofauti ya asilimia 7.7.

Uchakavu nao una mwelekeo wake. Nozeli ikiziba kidogo, sensa ya oksijeni kwenye ekzosti huona mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza muda, na daftari linaandika mafuta mengi kuliko yaliyopita, kwa hiyo gari linajisingizia ulafi. Nozeli inayovuja hufanya kinyume. Hivyo sikubali haraka kauli kwamba viwanda vyote vimepanga kutudanganya, ingawa wanaopima wenyewe hukuta mara nyingi skrini ikijipendelea. Ulaya wamelazimisha magari mapya ya petroli na dizeli, tangu 2021, yatunze rekodi ya matumizi yenye kosa lisilozidi asilimia 5. Hata sheria, basi, inakuruhusu kupotelewa na lita mbili katika arobaini.

Ukitaka kuiona hesabu hii ikifanya kazi, tazama skrini ya papo hapo unaposhuka mlima mkali kama Kitonga. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, nozeli zinafungwa kabisa na namba inagonga juu hadi inapoishia. Anayeweka fri, yaani gia huru, ili kubana matumizi anailazimisha injini ipewe mafuta ili isizime, na juu ya hapo anaziachia breki kazi yote.

Njia ya kuihakiki inajulikana: jaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, andika odometa (jumla ya kilomita kwenye dashibodi), tembea, rudi pampu ileile, jaza vilevile, gawanya. Ila kujikata kwenyewe hakuko sawa kila siku. Gari likilala upande kidogo unaweza kupata tofauti ya lita nzima. Kwenye lita 40 hiyo ni asilimia 2.5, kwenye lita 10 ni asilimia 10. Kwa hiyo wenzangu wa "niwekee ya elfu ishirini" hawawezi kupata jibu la maana hapa. Jumlisha matangi matatu au zaidi, kisha ndiyo ugawanye.

Kuna kosa moja ambalo njia hii hailioni kabisa, nalo ni la matairi. Odometa huhesabu mizunguko. Tairi la sentimita 62 likiisha kashata, ile michoro yake inayoshika barabara, kutoka milimita 8 hadi 2, linapungua karibu asilimia 2 ya kipenyo, linazunguka zaidi kwa umbali uleule, na gari linajiandikia kilomita ambazo halikwenda. Skrini na kalamu yako zote zinatumia kilomita hizohizo, kwa hiyo zinakubaliana katika uongo. Nilipowasha ramani ya simu kwenye safari kama ile, 512 zangu zilikuwa 503. Ile 15.4, ukweli wake ni 14 na chenji.

Sasa nina karatasi imebandikwa chini ya usukani: "zidisha kwa 0.91". Na kwa yule mhudumu nimerudi. Pampu yake ina stika ya Wakala wa Vipimo, ilikuwapo muda wote, usawa wa macho. Aliniuliza kama nilikuwa nimesafiri. Nikamwambia ndiyo.